Kompyuta kuukuu si ya kutupa, lakini si ya kufungulia benki

UKISHUKA kwenye daladala katika stendi ya Bagamoyo na kutembea hatua chache kuelekea mjini, hukosi kuona tangazo la karatasi lililobandikwa mlangoni: tunachapa, tunadurufu, tunatuma barua pepe, tunajaza fomu za mtandaoni. Ndani mna meza moja, mashine ya kudurufu, printa na kompyuta ya mezani ambayo plastiki yake imekwisha kugeuka njano kwa umri. Vibanda vya aina hii, ambavyo wengi huviita steshenari, vimetapakaa kandokando ya barabara kuanzia Tegeta na Bunju, vikapita Mapinga, Kerege na Zinga, hadi Bagamoyo mjini na vijiji vya mbele yake kama Kiwangwa.

Kompyuta hiyo moja ndiyo ofisi ya watu wengi. Mkulima wa mananasi wa Kiwangwa huja kuangalia kama mnunuzi wa Dar es Salaam amejibu. Katibu wa kikundi cha kinamama wa mwani wa Mlingotini huja kutuma orodha ya wanachama. Mwenye mashamba ya chumvi huja kushughulikia kodi yake katika mfumo wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), na kijana anayetaka kusajili jina la biashara huja kuingia katika mfumo wa BRELA, ambao tangu mwaka 2018 umehamishia usajili huo mtandaoni. Kila mmoja huketi kwenye kiti kilekile, huandika neno lake la siri kwenye kibodi ileile, kisha huondoka.

Tatizo ni kwamba mashine nyingi za namna hiyo zinaendeshwa na Windows 7, na baadhi bado zina Windows XP. Mwenye duka haoni sababu ya kubadilisha. Inawaka, inachapa na inamwingizia riziki. Kwa hesabu za kawaida za biashara ana haki ya kufikiri hivyo, kwa kuwa jembe halitupwi kwa sababu ya umri bali kwa sababu ya kutolima.

Hata hivyo, kompyuta iliyounganishwa na intaneti haizeeki kama jembe. Inaweza kuwa nzima kabisa kwa macho na huku imekwisha kuwa mlango wazi kwa wezi. Makala haya yanaeleza hatari hiyo inatoka wapi, kazi zipi zinaweza kuendelea kufanyika kwenye mashine ya zamani bila wasiwasi mkubwa, zipi ziondolewe leo, na gharama yake ni kiasi gani kwa mtu mwenye mtaji mdogo.

Tarehe ambazo zimekwisha kupita

Kila mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiamsha kompyuta na kuziendesha programu nyingine, hutengenezwa na binadamu na huwa na makosa. Baadhi ya makosa hayo ni matundu ambayo mwizi anaweza kupenya. Mtengenezaji akiyagundua hutoa kiraka, na kompyuta iliyounganishwa na mtandao hukipakua na kujiziba. Kazi hiyo hufanyika kwa miaka kadhaa, kisha husimamishwa.

Windows XP ilitoka Oktoba 2001, na kampuni ya Microsoft ikaacha kuitolea viraka Aprili 8, 2014. Windows 7 ilitoka Oktoba 2009 na kufikia kikomo Januari 14, 2020. Windows 8.1 ilikoma Januari 10, 2023. Windows 10, ambayo wengi bado wanaihesabu kuwa mpya, ilifikia mwisho wake Oktoba 14, 2025, ingawa Microsoft iliweka utaratibu wa nyongeza ya mwaka mmoja kwa watumiaji binafsi wanaojiandikisha.

Ni vyema ikaeleweka kwamba siku inayofuata tarehe hizo kompyuta haizimiki. Hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Matundu mapya huendelea kugunduliwa, lakini hakuna anayeyaziba. Jambo baya zaidi ni kwamba kiraka kinachotolewa kwa ajili ya mfumo mpya huwaonyesha wahalifu tundu lilipokuwa. Wao hukichunguza kiraka hicho, kisha hwenda kulitafuta tundu lilelile katika mfumo wa zamani uliojengwa kwa misingi ileile. Kwa maneno mengine, kila jirani anapoziba ufa wake, mwizi huelezwa mahali ufa ulipo katika nyumba yako.

Mlango na ukuta

Wataalamu wa kompyuta hutofautisha vitu viwili ambavyo mtumiaji wa kawaida huvichanganya. Cha kwanza ni mfumo endeshi wenyewe. Cha pili ni kivinjari, yaani programu anayoitumia mtu kufungulia kurasa za intaneti, kama vile Chrome, Firefox au Edge. Kivinjari ni mlango na mfumo endeshi ni ukuta.

Ukurasa wa intaneti wa siku hizi si karatasi ya kusoma tu. Unapofunguliwa huleta maagizo ambayo kompyuta huyatekeleza papo hapo: fungua picha hii, onyesha fomu ile, kumbuka jina la mteja. Kivinjari kizuri huyafungia maagizo hayo ndani ya chumba chake ili yasiguse mafaili ya mwenye kompyuta. Kivinjari chenye tundu huyaachia yakatoka nje. Na hata kivinjari kikiwa imara, kinategemea ukuta. Ukuta ukiwa na ufa, aliyepenya mlangoni huenea nyumba nzima.

Kwa bahati mbaya vivinjari navyo huziacha mashine za zamani. Google iliacha kuihudumia Windows XP kwa Chrome mwaka 2016. Toleo la Chrome namba 109, lililotoka Januari 2023, ndilo la mwisho kufanya kazi kwenye Windows 7 na 8.1. Firefox iliachana na XP katikati ya mwaka 2018, ila kwa Windows 7 na 8.1 Mozilla iliweka toleo maalumu, namba 115, na kulisogezea tarehe ya mwisho zaidi ya mara moja. Internet Explorer, ile alama ya herufi ya bluu ambayo bado inabonyezwa katika mashine nyingi, ilistaafishwa na wenyewe Juni 15, 2022.

Kwa mwenye Windows 10 hali ina nafuu. Microsoft ilitangaza kwamba kivinjari chake cha Edge kitaendelea kuhuishwa kwenye Windows 10 angalau hadi Oktoba 2028. Hapo mlango unatengenezwa ingawa ukuta hautengenezwi tena. Ni bora kuliko kukosa vyote viwili, lakini nyumba haijawa salama.

Kwa Windows XP zipo pia programu zinazotengenezwa na watu wa kujitolea, kama Supermium na Mypal, ambazo hufungua kurasa zilizokuwa zimegoma. Zina manufaa kwa kusoma habari au kutafuta bei. Lakini mlango mpya uliopachikwa kwenye ukuta uliooza haumzuii mwizi, na hivyo hazifai kwa shughuli za fedha.

Funzo la Mei 2017

Ijumaa ya Mei 12, 2017, programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilianza kusambaa duniani. Ilifunga mafaili ya kompyuta na kudai dola 300 za Marekani zilipwe kwa sarafu ya bitcoin. Kwa siku chache tu iligusa zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150. Nchini Uingereza hospitali za umma ziliathirika kiasi kwamba miadi ya wagonjwa inayokadiriwa kufikia 19,000 ilifutwa.

Mambo mawili katika tukio lile yanamhusu moja kwa moja mwenye steshenari wa Bagamoyo. Kwanza, WannaCry haikuhitaji mtu abonyeze kitu. Ilipita kutoka mashine moja hadi nyingine kwa njia ya huduma ya kushirikiana mafaili. Pili, sehemu kubwa ya mashine zilizoumia hazikuwa za XP bali za Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado inatolewa viraka. Kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetolewa Machi 2017, miezi miwili kabla. Wenyewe hawakukiweka.

Katika ukanda huu sababu ya kutokuweka viraka inafahamika. Uhuishaji hula bando. Fundi anapouza kompyuta humwambia mteja, "Nimekuzimia hizi, zisije zikakumalizia bando." Mteja humshukuru. Ushauri huo unaokoa shilingi elfu chache kwa mwezi na kuiacha biashara nzima bila ulinzi. Aidha, mashine nyingi za mtumba huuzwa zikiwa na Windows iliyochakachuliwa, na mara nyingi aliyechakachua huwa ameufunga uhuishaji makusudi ili mfumo usigunduliwe. Mnunuzi hudhani ana Windows 10 nzima, kumbe ina viraka vya siku ile iliyopachikwa tu.

Hasara inavyomfikia mkulima

Mkulima anaweza kuuliza: mimi nina mananasi, mwizi wa mtandaoni ananitaka nini? Jibu ni kwamba mwizi huyo hamchagui mtu. Hutega wavu kama mvuvi wa dagaa, na kinachoingia ndicho chake.

Chukua mfano huu. Mfanyabiashara anakusanya mananasi kutoka kwa wakulima kumi na kuyauza kwa mnunuzi mkubwa jijini. Bei, kiasi na namba ya akaunti ya benki huandikwa kwa barua pepe, na barua pepe hiyo huifungua kwenye kompyuta ya steshenari. Katika mashine hiyo imejificha programu inayonakili kila kinachoandikwa kwenye kibodi. Mwizi anapata neno la siri. Haibi kitu siku hiyo. Anasoma barua kimya kimya kwa wiki tatu hadi ajue mzigo unakwenda lini. Siku ya malipo mnunuzi anapokea barua kutoka anwani ileile anayoijua: "Akaunti yetu ina tatizo, tafadhali lipia kwenye hii." Mnunuzi analipa. Mananasi yamekwisha kuliwa, fedha zimekwisha kutolewa, na wakulima kumi wamesimama nje ya nyumba ya mfanyabiashara wakidai jasho lao.

Wizi wa aina hii unajulikana duniani kote na hauhitaji ujuzi mkubwa. Unahitaji neno moja la siri tu. Ndiyo maana hasara kubwa kwa mfanyabiashara mdogo haitokani na kompyuta kuharibika. Inatokana na barua zake kusomwa na kuaminika kwake kutumiwa na mtu mwingine. Kompyuta hutengenezeka, lakini mnunuzi aliyelipa mara moja pasipostahili hulipa mara ya pili kwa shida sana.

Kinga ya kwanza katika mfano huu haihusu hata kompyuta. Wafanyabiashara wakubaliane tangu mwanzo kwamba mabadiliko yoyote ya namba ya akaunti hayakubaliki mpaka yathibitishwe kwa kupigiana simu, kwa namba iliyozoeleka na si ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo.

Gawa kazi kabla ya kugawa fedha

Mwenye kompyuta ya zamani asiyeweza kununua nyingine leo ana njia ya haraka isiyo na gharama: kugawa kazi katika mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni kazi zisizohitaji intaneti kabisa. Kuchapa barua, kudurufu, kutunza daftari la mauzo, kuchapisha risiti na kadi za harusi. Mashine ya Windows XP inaweza kuzifanya kazi hizi miaka mingine mingi. Ichomolewe waya wa mtandao na iachwe ichape. Hata jahazi kuukuu huvusha abiria mtoni, ila haipakizwi karafuu na kutumwa bahari kuu.

Fungu la pili ni kazi zinazobeba neno la siri au fedha. Barua pepe ya biashara, akaunti ya benki, mfumo wa TRA, BRELA, leseni za halmashauri, na mitandao ya kijamii ambayo watu huuzia bidhaa. Hizi zisifanywe kamwe kwenye mfumo ambao hautolewi viraka. Zihamishiwe kwenye mashine moja iliyo bora zaidi, au kwenye simu ya mwenyewe.

Katikati kuna kazi za kusoma tu: kuangalia bei za mazao, kusoma magazeti, kutazama ratiba. Hizi zinaweza kufanywa kwenye Windows 7 kwa tahadhari zinazofuata.

Tahadhari kwa asiye na budi

Kwanza, ajue ana nini. Kwenye kibodi abonyeze kitufe cha Windows pamoja na herufi R, aandike winver, kisha abonyeze Enter. Jina na toleo la mfumo litatokea. Wengi hushangaa kukuta walichouziwa sicho walichoambiwa.

Pili, aachane na Internet Explorer na atumie kivinjari cha karibuni zaidi kinachokubalika na mashine yake. Kwa Windows 7 toleo maalumu la Firefox ndilo lililohudumiwa kwa muda mrefu kuliko mengine, na mwenye nalo aangalie kwenye ukurasa wa Mozilla kama bado linapewa viraka. Lipakuliwe kutoka kwa wenyewe, si kwenye flashi ya rafiki.

Tatu, aondoe programu-jalizi za zamani kama Flash, ambayo Adobe iliiacha Desemba 31, 2020, na Java ya zamani ya kwenye kivinjari. Ukurasa wowote unaomwambia mtu leo apakue Flash ili aone video ni mtego.

Nne, aweke kizuia matangazo kwenye kivinjari, kama uBlock Origin. Matangazo ni njia mojawapo ambayo maagizo mabaya huingilia hata kwenye tovuti za heshima. Isitoshe, kinaokoa bando.

Tano, wateja wasiketi kwenye akaunti ya msimamizi. Afungue akaunti ya kawaida isiyo na mamlaka ya kuweka programu. Kitakachoingia kwa bahati mbaya kitakosa nguvu ya kuenea kote.

Sita, azime huduma ya kushirikiana mafaili kama haitumiki, na ukuta wa moto wa Windows uwe umewashwa. Huko ndiko WannaCry ilikopitia.

Saba, kivinjari kisiruhusiwe kuhifadhi maneno ya siri ya wateja, na kila anayemaliza atoke kwenye akaunti yake kabla ya kunyanyuka. Dirisha la faragha husaidia kufuta nyayo zisionwe na mteja anayefuata. Lakini halizuii programu inayonakili kibodi. Anayedhani dirisha hilo ni kinga ya wizi anajidanganya.

Nane, mafaili ya biashara yawe na nakala mbili, moja kwenye diski inayochomolewa na kuwekwa kabatini. Nakala inayokaa imechomekwa muda wote itafungwa pamoja na nyingine siku programu haribifu itakapoingia.

Kuhusu programu za kupambana na virusi, zina msaada, ila zisipewe kazi isiyo yao. Hizo ni kama mlinzi wa getini mwenye orodha ya wezi wanaojulikana. Haziezeki bati lililotoboka.

Saa iliyosimama

Lipo tatizo moja dogo ambalo mafundi wa mjini wanalijua sana. Kompyuta ya zamani huwashwa asubuhi, na karibu kila ukurasa unaofunguliwa hutoa onyo kwamba muunganisho si salama. Mhudumu, kwa kuwa mteja anasubiri, hubonyeza kitufe cha kuendelea. Kesho hufanya hivyo tena. Baada ya mwezi hata hasomi.

Mara nyingi chanzo ni betri. Ndani ya kompyuta kuna betri ya duara yenye ukubwa wa sarafu, namba CR2032, inayotunza saa umeme unapokatika. Ikiisha, kompyuta huamka ikidhani ni mwaka wa nyuma sana. Tovuti salama huwa na cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kompyuta yenye tarehe ya zamani huona cheti hicho hakijaanza kutumika. Kubadilisha betri hiyo ni gharama ndogo na kazi ya dakika chache.

Saa ikiwa sahihi na onyo likaendelea, hapo sababu ni nzito zaidi. Huenda mfumo haujui lugha mpya za usiri. Vivinjari vikubwa viliacha kukubali lugha za zamani mwaka 2020, na tovuti nyingi zikafuata. Au huenda kweli kuna mtu katikati anayejifanya benki. Mtumiaji hawezi kutofautisha kwa macho. Kwa hiyo kanuni ni moja: penye onyo, neno la siri haliandikwi. Hatari ya kuzoea kubonyeza kuendelea ni kwamba siku mwizi atakapofika kweli, onyo litakuwa lilelile na kidole kitakuwa kimekwisha kuzoea.

Mfumo mwingine bila kununua mashine

Ipo njia ya tatu kati ya kuvumilia na kununua: kuondoa Windows na kuweka mfumo wa Linux, ambao ni wa bure na hutolewa viraka. Linux Mint, kwa mfano, inahitaji kumbukumbu ya GB 2 kwa uchache, ingawa GB 4 ndizo zinazoshauriwa, na nafasi ya GB 20 kwenye diski. Kompyuta nyingi zilizouzwa na Windows 7 zinatimiza masharti hayo. Inakuja na Firefox inayohuishwa na programu ya kuandikia na kupigia hesabu inayofungua mafaili ya Word na Excel.

Jambo hili si geni nchini. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili.

Linux ina masharti yake. Printa ijaribiwe kwanza, kwa kuwa si zote zinazoelewana nayo. Mfumo unaweza kuwekwa kwenye flashi na kuwashwa kutoka humo bila kugusa diski, hivyo mwenye duka anaweza kuujaribu siku nzima kabla ya kuamua. Anayetumia programu maalumu ya uhasibu ya Windows huenda akakwama. Na mashine za kale sana za biti 32 mlango wao unafungwa huku nako, kwani matoleo makubwa ya Linux yamekuwa yakiziacha moja baada ya nyingine.

Hesabu ya mwenye duka

Sasa tuje kwenye hesabu. Tuseme kompyuta mpakato iliyotumika, yenye hali nzuri, inapatikana Kariakoo kwa shilingi 450,000. Kwa mwenye steshenari hizo ni fedha nyingi. Lakini kuna gharama ambayo hajaiandika kwenye daftari, nayo ni umeme.

Kompyuta ya mezani ya zamani pamoja na kioo chake ikila wati 150, kwa saa 10 kwa siku na siku 26 kwa mwezi, hutumia uniti 39. Mpakato unaokula wati 40 kwa muda huohuo hutumia uniti 10.4. Tofauti ni uniti 28.6. Uniti moja ikihesabiwa kwa shilingi 350, anaokoa takriban shilingi 10,000 kwa mwezi, sawa na 120,000 kwa mwaka. Kwa maana hiyo umeme peke yake unarudisha bei ya mpakato kwa muda usiofika miaka minne, na mpakato una betri, hivyo umeme ukikatika mteja hafukuzwi. Kila mwenye duka aweke bei na wati za kwake, hesabu ni ileile.

Anayekwenda kununua asiulize ukubwa wa diski tu. Aulize processa ni ya kizazi gani. Windows 11 iliyotoka Oktoba 2021 inakubali, kwa upande wa Intel, processa za kizazi cha nane na kuendelea, yaani za kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017 au 2018. Chini ya hapo, anunue akijua kwamba ataweka Linux. Aombe mashine iwashwe mbele yake, iunganishwe na mtandao na uhuishaji ufanyike akiona. Muuzaji anayekataa amekwisha kujibu swali.

Na ile ya zamani ikiuzwa au kugawiwa, diski yake ifutwe kabisa au ichomolewe. Humo mna barua na fomu za wateja wa miaka yote.

Simu nayo ina umri

Wakulima wengi wa ukanda huu hawapiti kabisa kwenye kompyuta kwa shughuli za fedha. Hutumia menyu za simu kama *150*00#, ambazo hufanya kazi hata kwenye kitochi na hazipiti kwenye kivinjari. Kwa upande huo wako nje ya hatari iliyoelezwa hapa. Hatari yao ni nyingine, ya kutapeliwa namba ya siri au kuibiwa laini, na kwa ujumbe wa aina ya "ile hela tuma kwenye namba hii", mtu anaweza kuupeleka kwenye namba 15040 iliyowekwa kwa ajili hiyo.

Wenye simu janja wakumbuke kwamba nazo zina mfumo endeshi unaozeeka. Sehemu ya mipangilio, chini ya maelezo ya simu, huonyesha toleo la Android na tarehe ya kiraka cha mwisho. Kama tarehe hiyo ina miaka kadhaa nyuma, simu hiyo iko katika hali ileile ya kompyuta ya steshenari. Hata hivyo, simu ya mtu mmoja inayohuishwa bado ni mahali bora pa kufungulia barua pepe kuliko kibodi iliyoguswa na mji mzima. Barua pepe hiyo iwekewe uthibitisho wa hatua mbili, ili mwizi mwenye neno la siri akose namba inayotumwa kwenye simu.

Ikiwa limekwisha kutokea

Anayehisi ameingiliwa achomoe mtandao kwanza. Abadilishe maneno yake ya siri kwa kutumia kifaa kingine, si kile kilichoathirika, akianza na barua pepe kwa kuwa ndiyo inayofungua nyingine zote. Aijulishe benki au kampuni ya simu mara moja, kwani saa za mwanzo ndizo zenye nafasi ya kuzuia fedha. Awapigie wateja na wanunuzi wake awaonye. Kisha atoe taarifa polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaitambua jinai ya aina hii, na ushahidi kama barua na jumbe usifutwe.

Mwenye steshenari naye ana wajibu. Wateja wanamwachia siri zao kama zamani wafanyabiashara wa misafara walivyoacha pembe na nguo zao katika maghala ya Bagamoyo wakisubiri jahazi la Unguja. Mwenye ghala aliyejulikana kwa paa bovu hakupata mzigo msimu uliofuata. Kibao kidogo mezani kinachosema "mashine hii ni ya kuchapa tu, ya benki ni ile pale" kinaweza kumpotezea mteja mmoja au wawili kwa wiki. Lakini anayekosa kuziba ufa atajenga ukuta, na ukuta huo utajengwa kwa fedha za mananasi ya watu.